Kindi Alivyoharibu Chumvi ya Zambarau

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kuazimana vyombo, palikuwa na bonde lenye mto mmoja na mizambarau mingi. Mzee wa bonde hilo alikuwa Kifaru. Macho yake hayakuona mbali, lakini pua na masikio, ah! Angemsikia mchwa akipiga chafya.

Bonde lile lilikuwa na ada. Mvua za vuli zikikatika na zambarau zikiiva nyeusi tititi, hakuna aliyetia hata moja mdomoni kabla mzee hajaonja limbuko. Ada ikivunjwa, mizambarau hususia, na mwaka unaofuata haizai. Ndivyo walivyoamini.

Na limbuko liliandaliwa na mkewe Kifaru, Bi Mwatime. Aliosha zambarau, akazitia katika bakuli la bati lenye maua, akanyunyiza chumvi, akafunika kwa sahani, akatikisa. Chaka-chaka-chaka! Ya kwanza alimtia mumewe mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Majirani wakisikia mtikiso ule, walikuwa wanaanza kutafuta vikapu.

Mwaka huo Bi Mwatime hakuwapo. Alifariki wakati wa kipupwe, na Kifaru akafunga mlango.

Zambarau ziliiva bila yeye. Pu! Pu! Zilianguka, zikaoza. Popo wa ng'ambo, wasiojali ada ya mtu, walikula wakatema kokwa. Watoto wa bonde walikaa chini ya miti wakimeza mate.

Nyani ndiye aliyekwenda kwanza, akapiga mlango kwa ngumi.

"Hodi! Mzee, msimu unaondoka! Watoto wetu wanashiba harufu!"

"Kuleni," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Bila limbuko? Miti isusie? Onja moja, mzee wetu. Moja tu, hata ukiitema!"

"Mfyuuu! Ondoka hapo kabla sijatoka!"

Nyani hakungoja kuambiwa mara ya pili. Kurukuru! Akawa juu ya mti.

Msidhani Kifaru alikuwa na roho mbaya. Harufu ilipita chini ya mlango na kumfikia hata kitandani. Lakini kwake yeye msimu ulianzia kwenye bakuli lile, mkononi mwa Mwatime. Kula kulikuwa sawa na kukubali kwamba msimu unaweza kuanza bila yeye.

Asubuhi iliyofuata, mlango ukagongwa tena. Ko, ko. Kugonga kudogo, kwa adabu.

"Hodi, babu. Ni mimi, Kindi."

Bi Kindi alikuwa jirani wa karibu kabisa. Nyumba yake ilikuwa juu ya mzambarau ulioinamia paa la Kifaru, na watoto wake walilala zambarau zikiwagusa pua.

"Kama umekuja kwa habari ya limbuko, rudi."

"Limbuko gani tena, babu? Nimekuja kuazima bakuli. Langu limetoboka."

Kifaru akafikiri. Jirani hanyimwi bakuli. Akafungua mlango kidogo, akalitoa. Halikuwa na vumbi hata chembe.

"Usiligonge," akasema, akafunga.

Mara akasikia hapohapo kizingitini: Gwada! Gwada! Gwada-gwada-gwada!

"We Kindi! Unavunja nini?"

"Sivunji, babu. Natikisa zambarau, ziwe tayari. Huenda zikahitajika."

"Huko ndiko kutikisa? Utazitoa kokwa!"

"Kwetu tunatikisa hivi."

Kifaru akageukia ukutani. Gwada! Gwada! Akaziba sikio moja. La pili likasikia zaidi.

"Umetia chumvi?" akauliza baada ya muda, kama mtu asiyetaka jibu.

"Nimetia, babu. Vitanga viwili vya mkono."

"Viwili!" Kifaru akaketi. "Unatengeneza zambarau au samaki wa ng'onda?"

"Imezidi? Basi ngoja niongeze sukari, vigombane vyenyewe humo ndani."

"Sukari! Kindi, usithubutu!"

"Na tangawizi kidogo."

Paa! Mlango ukafunguka wote, na Kifaru akatoka, pembe mbele, akifumba macho kwa jua ambalo hakuwa amelizoea tena.

"Lete hapa! Lete! Mwaga hizo zote. Chuma nyingine."

"Ndiyo, babu." Akapanda, akashuka, fyu!

"Chumvi, bana kwa vidole. Hivyo. Sasa funika. Sahani ishike vizuri, mwanangu, si kama unakamata mwizi. Tikisa kidogo, pumzika, uzisikilize."

"Nisikilize zambarau?"

"Zikiwa ngumu zinagonga. Zikilainika zinateleza. Alikuwa..." Akakohoa. "Lete nikuonyeshe mwenyewe."

Akalichukua bakuli. Chaka-chaka-chaka. Kimya. Chaka-chaka. Mtikiso ukavuka mto, ukapita kwenye matete, ukaenda mpaka mwisho wa bonde.

"Umesikia? Zinateleza."

"Nimesikia, babu. Lakini chumvi? Mtu atajuaje kama imekolea?"

"Atajuaje? Anaonja! Mambo mengine hayahitaji kuuliza!"

Akafunua, akatwaa moja, akaitia mdomoni.

Ngozi ikapasuka. Utamu ukaja, kisha chumvi, kisha ule ukakasi unaokunja ulimi. Taya la Kifaru likasimama. Akabaki vile, macho chini, kwa muda mrefu kuliko zambarau moja inavyohitaji. Kisha akameza.

"Imekolea," akasema taratibu.

"Aliliiiii!" Matete yakalipuka vigelegele. Bonde zima lilikuwa limejificha humo, watoto wamezibwa midomo kwa viganja vya mama zao. Kindi alikuwa amewapanga upande unakokwenda upepo, pua ya Kifaru isiwapate. Na macho yake, mnayajua wenyewe.

Kifaru akageuza pembe polepole mpaka ikaelekea kifuani mwa Kindi. Vigelegele vikakatika. Nyani, juu ya mti, akapanda tawi jingine.

"Kindi. Nani alikufundisha kutikisa zambarau?"

"Bi Mwatime, babu. Kila msimu nilikaa pale juu ya paa nikimtazama. Ya pili alikuwa akinirushia mimi."

"Kumbe unajua."

"Najua."

"Vitanga viwili vya chumvi. Sukari."

"Nimekosea mpaka mkono unaniuma, babu."

Kifaru akamtazama kwa karibu sana, kwa sababu ndivyo alivyolazimika kumtazama kila mtu. Kisha akaingiza mkono bakulini, akatoa ya pili, akamrushia. Kindi akaidaka kwa mdomo.

"Watoto waanze," mzee akawaambia walio matetini. "Za upande wa mto ndizo tamu. Na huyo Nyani ashuke, asije akanivunjia tawi."

Siku ile bonde lililala na ndimi za zambarau, na mlango wa Kifaru haukufungwa.

Hadithi imeishia hapo bakulini, na funzo lake ni hili: aliyejifungia na huzuni hatolewi kwa ngumi za mlangoni, hutolewa na kazi ya mpenzi wake ikifanywa vibaya na mtu mwingine.