Ng'ombe wa Mzee Senkondo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, msinihesabie miaka, kulikuwa na zahanati kule milimani Upare. Foleni yake, jamani! Mtu alijipanga kapera, akifika mlangoni ana wajukuu. Nilikuwemo, msibishe.

Dakta Mchome alikuwa peke yake. Apime yeye, aandike yeye, agawe dawa yeye. Siku moja akauza pikipiki yake, akaajiri mfamasia, binti anaitwa Nakiete. Watu wakacheka mpaka mlima ukasogea.

"Dakta, umlipe mtu mshahara akuhesabie vidonge? Haya, tembea sasa!"

Dakta akatembea.

Nakiete akatoa amri: kila mgonjwa aje na dawa zote alizonazo nyumbani. Watu wakaleta magunia! Dakta akabaki kupima tu, foleni ikafupika. Lakini pikipiki haizai. Hela ikaisha. Dakta akamwambia, "Mwanangu, mwezi huu ukiisha sina cha kukulipa."

Wiki hiyohiyo Mzee Senkondo akaanguka shambani, akabebwa hadi zahanati. Presha imeshuka mpaka kwenye visigino! Dawa zake alishakataa kuzipeleka: "Mfuko wangu, siri yangu." Mkewe, Mama Namkunda, akauiba chini ya godoro, akakimbia nao zahanati kuliko swala. Nakiete akaumwaga mezani. Paketi tatu, majina matatu, kumbe dawa ni ileile moja ya kushusha presha! Mzee anameza zote kila asubuhi. Dakta akamtibu, akapona.

Mzee akasema, "Aliyeniokoa amchukue ng'ombe wangu wa maziwa. Ni mmoja, na hachinjwi."

Ng'ombe huyo akikamuliwa, Upare nzima inakunywa chai na Mombasa wanaletewa.

Dakta akawahi. "Ni wangu. Nisingeuza pikipiki, huyu binti mngempata wapi? Na nikiuza maziwa, mshahara wake upo."

"Dakta, nakuheshimu," akasema Nakiete, "ila mfuko nimeufungua mimi. Na paketi moja ina mwandiko wako! Ng'ombe nipeni, nikafungue duka langu. Nimechoka kuogopa mwisho wa mwezi."

Mama Namkunda akafunga kanga kiunoni. "Mngefungua mfuko gani, nyie wasomi? Ningemtii mume wangu, leo mngekuwa kwenye matanga mnagombea minofu."

"Mama Namkunda," mzee akasema, "si ng'ombe wa nyumbani huyo?"

"Wa nyumbani, Baba Namkunda, wakati wa kukata majani. Maziwa yakiuzwa, ni wako. Miaka sita namlisha, hata kwato moja si yangu!"

Mzee akaishika kamba ya ng'ombe. Akimpa dakta, mfamasia anabaki. Akimpa Nakiete, binti anaondoka na foleni inarudi na wajukuu wake. Akimnyima mkewe, chakula cha jioni akaombe kwa jirani.

Haya, nyie mnaojua kunizidi, kama mpo: kamba ile alistahili nani?