CD ya Bustani ya Mchicha

Sogeeni, na anayetafuna muwa ateme kwanza. Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, zamani ya juzi tu nyimbo zilipokuwa zikikaa kwenye CD, palikuwa na binti kule Muheza, jina lake Mwanakombo, naye alikuwa anaolewa.

Alifurahi kweli, lakini jambo moja lilimkera. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, hata sauti yake haijui. Sauti ile ilibaki kwenye CD moja tu, ya harusi ya jirani, ambako mama aliimba huku kambeba Mwanakombo mgongoni. Na CD yenyewe haionekani! Basi akatangaza: "Atakayenisikilizisha sauti ya mama, ndiye atakayekaa kiti cha mama, ubavuni pangu, siku ya harusi." Loo! Kiti kile nani asiyekitaka?

Shangazi Siwema akaguna, akatoka, akarudi na CD inaning'inia kwenye uzi. Kumbe miaka yote ilikuwa kwenye mchicha wake, inafukuza ndege!

"Shangazi! Mama yangu umemfanya wa kutishia ndege?"

"Usinipandishie sauti, mama. Baba yako alipohama, CD zote zilitiwa kwenye moto wa takataka. Niliokota hii tu. Nisingeitundika, leo ungekuwa unatafuta majivu."

Lakini mpapai wa hapo bustanini, alikoitundika, ulikuwa umeikwaruza, haitamaniki. Ukiiweka kwenye redio, krr, krr, basi.

Mama mdogo Havijawa akaipokea. Akaiosha, akaipaka dawa ya meno, akaanza kuifuta: toka katikati kwenda ukingoni, toka katikati kwenda ukingoni. Siwema akataka kusaidia.

"Wifi, acha! Unaizungusha kama unasugua sufuria, utaimaliza!"

Kilitakiwa kitambaa laini. Kanga mpya ni ngumu, taulo linakwaruza. Havijawa akafungua sanduku, akatoa kanga ya marehemu dada yake, aliyoitunza bila kuivaa hata mara moja. Akaichana, chwaa! Akalia kidogo, akaendelea kufuta.

Redio ya kusoma CD mtaani ilibaki moja, ya jirani, Mzee Shomari, na mfuniko wake haufungi. Ukiuachia, inanyamaza. Siku ya harusi Mzee Shomari akasimama chini ya turubai, akaubana mfuniko kwa dole gumba. Pilau ikampita, kuku wakampita. "Jamani, nitunzieni paja!" akalia, wala mkono hakuutoa.

Mama akaanza kuimba. Mwanakombo akaganda. Wimbo ukaenda vizuri, ukafika kwenye mkwaruzo mmoja uliokataa dawa ya meno, CD ikanasa: "Mwanangu... mwanangu... mwanangu... mwanangu..."

Nani aliyebaki amekaa? Vigelegele vikapasuka, Mwanakombo akacheka na kulia kwa pamoja, kila akiitwa anaitika, "Abee mama! Abee!" mpaka wanja ukamfika kidevuni. Alikuwa na furaha mno, wala hakuificha.

Shangazi Siwema akajitanda ushungi upya, akakiendea kiti. "Nipisheni. CD niliiokoa mimi, na mkwaruzo ule ni wa mpapai wangu. Bila mimi angeitwa mara moja tu, basi."

"Wee wifi, una uso mkavu!" Havijawa akamshika mkono. "Ulimtundika dada yangu kwenye mchicha, leo unataka na kiti? Niliyemtoa kwenye ukimya ni mimi, na kanga yake ya pekee nimeichana. Na mkwaruzo ule, ningeongeza kusugua ungetoka. Niliogopa kuitoboa, nikauacha."

"Na mimi je?" Mzee Shomari akapaaza sauti, dole bado liko kwenye mfuniko. "Iliponasa, ningeigusa kidogo tu ingeruka mbele. Nikamwona mtoto anavyoitika, nikaiacha. Na sijala!"

"Mwanamume kwenye kiti cha mama?" Siwema akacheka.

"Alisema 'atakayenisikilizisha'. Hakusema awe amevaa kanga!"

Wageni hoi kwa kicheko. Bwana harusi na watu wake wamefika mlangoni, kiti bado kitupu, na Mwanakombo amesimama anawatazama wote watatu, kila mmoja anampenda. Haya, ninyi mnaocheka hapo: kiti ni kimoja, mama ni mmoja. Je, mngemwambia amkalishe nani?