Kokwa Iliyonuna

"Asiyecheza na mtoto asidai salamu yake."

Bi Tabu aliyasema hayo bila kuinua macho kwenye ungo wa karanga. Aliyeambiwa ni mgeni aliyesimama mlangoni akimlaumu mtoto wa miaka miwili kwa kutomwamkia. Mgeni akacheka kidogo, akaaga. Wajukuu wakubwa waliokuwa wakimenya karanga wakataka kujua neno lile bibi yao kalitoa wapi.

"Halikuota njiani," alisema Bi Tabu. "Lina nyumba yake na lina mwenyewe. Menyeni huku mkisikiliza, na anayetafuna nimemwona. Lilianza hivi."

Huko Mkindwani, ng'ambo ya bonde la mpunga, kulikuwa na fundi wa mikeka jina lake Bi Somoe. Mikeka yake ya nakshi ilitandikwa katika arusi za vijiji vyote vya jirani. Kazi ile ni ya hesabu. Miyaa mitatu juu, miwili chini, na ukikosea mmoja asubuhi, jioni unafumua kazi ya kutwa. Kwa hiyo neno lililosemwa zaidi nyumbani kwake lilikuwa, "Nyamaza, nahesabu." Mke wa mwanawe, Mwajabu, alijifunza kunyata. Mjukuu wake, Havijawa, alijifunza kukaa pembeni na kutazama. Watu wakamsifu: mtoto ana adabu, hana makelele.

Havijawa alipotimiza miaka mitatu, ile adabu iligeuka fumbo. Kila asubuhi Bi Somoe alisimama mbele yake akingoja shikamoo, na kila asubuhi mtoto alimtazama tu, kama mtu atazamavyo mvua. Kiziwi hakuwa, kijiko kikianguka chumba cha pili, aligeuka. Siku moja arusini mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Labda nyumba ile salamu huziuza pamoja na mikeka." Bi Somoe alirudi kwake na jambo moja moyoni: mjukuu wangu amefungwa ulimi. Kamfunga nani?

Hakutafuta mbali. Jirani yake alikuwa Siwema, mjane mpika vitumbua, mtu wa kuja, asiye na mtoto wake. Mwajabu akienda shambani, Siwema ndiye aliyeomba kukaa na Havijawa. Mtu asiye na mtoto anamtakia nini mtoto wa mwenzake? Bi Somoe akaanza kuchunguza. Jumatatu mtoto alirudi na unga usoni, mstari mmoja kila shavu. Jumanne alirudi na kokwa za ukwaju zimefungwa kwenye pindo la gauni. Bi Somoe akazihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yake: saba. Kwa nini saba? Jumatano usiku uliingia, mtoto amelala, midomo yake inacheza bila sauti. Bi Somoe hakupata usingizi.

Alfajiri akamtuma mtu kwa fundi wa kukata ulimi, mzee aliyetembea na wembe wake ndani ya kitambaa. Alisadiki kwamba fundi akikata ule uzi wa nyama ulio chini ya ulimi, fundo la Siwema litakatika pamoja nao. Mwajabu alilia.

"Mama, nakusihi. Mtoto wa Mwanahawa alikatwa, akavuja damu siku mbili."

"Wewe nyamaza. Aliyekwenda kumkabidhi mwanawe kwa mchawi hana ushauri."

Fundi aliahidi kuja alasiri. Bi Somoe akaona ni vyema kabla hajaja amfumanie mwovu wake. Adhuhuri akamwacha mtoto aende kwa jirani kama kawaida, kisha akajibanza nyuma ya ua wa makuti wa Siwema, akatoboa tundu kwa kidole, akatega jicho.

Alimwona Siwema amekaa chini, miguu ameinyoosha kama mtoto, unga shavuni. Mbele yake kulikuwa na kifuu cha nazi kimefudikizwa chini. Havijawa alikuwa amechuchumaa, macho kwenye kifuu.

"Hodi," Siwema alikiambia kifuu. "Nani yumo ndani?"

Kisha akanyamaza. Hakurudia, hakuhimiza, wala hakumjibia mtoto. Alingoja tu, kama mtu aliyetia maji jikoni na kujua yatachemka. Huku nyuma ya ua Bi Somoe alisema moyoni: sasa ndipo anaposoma uchawi wake.

"Kokwa," alisema Havijawa.

Bi Somoe akapanua tundu kwa kidole cha pili.

"Ahaa, kokwa. Kokwa nani huyo?"

"Kokwa bibi. Imenuna."

"Pole yake. Imenuna kwa nini?"

"Inahesabu." Mtoto akaweka kidole mdomoni. "Nyamaza, nahesabu."

Bi Somoe alizunguka ua, akaingia bila hodi.

"Umemfanya nini mjukuu wangu?"

"Karibu, Bi Somoe. Nimecheza naye."

"Na unga huu?"

"Leo sisi ni paka. Jana tulikuwa maharusi."

"Na kokwa saba?"

"Zilikuwa kumi. Tatu kazimeza kuku wako."

"Usinichezee, Siwema. Mbona kwako anasema na kwangu ni bubu?"

"Kwako kila akifungua kinywa anaambiwa afunge. Mwishowe ametii." Siwema alijipangusa unga. "Bi Somoe, dada yangu, mimi si mganga. Ila asiyecheza na mtoto asidai salamu yake."

Bi Somoe alimshika mtoto mkono akaondoka. Hakuamini. Huenda huo ndio uchawi wenyewe, mtoto kupewa maneno ya kutumia nyumba moja tu. Hata hivyo, njiani aliokota kifuu.

Alimkuta fundi amekwisha fika, kitambaa kimefunguliwa, wembe umelala juu yake.

"Mshike kichwa," fundi alimwambia Mwajabu.

"Subiri," alisema Bi Somoe.

Magoti yakimlalamikia, akaketi chini juu ya mkeka wake mwenyewe wenye nakshi. Akachukua kokwa moja kutoka pindo la gauni la mtoto, akaifunika kwa kifuu.

"Hodi," alisema. "Nani yumo ndani?"

Havijawa alimtazama tu.

"Mama, nina nyumba nyingine mbili," alisema fundi.

Bi Somoe alianza kuhesabu moyoni, moja, mbili, tatu, akajikamata, akaacha. Maishani mwake hakuwahi kungoja bila kuhesabu. Mkono wa fundi ulikwenda kwenye wembe. Mkono wa Havijawa ukaenda kwenye kifuu, ukakifunua polepole. Mtoto akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kokwa.

"Bibi," aliiambia. "Chikamoo."

Kokwa haikujibu. Mtoto akainua uso, akangoja, kama alivyofunzwa kungoja.

"Marahaba," alisema Bi Somoe. "Marahaba, mjukuu wangu."

Fundi alifunga wembe wake, akanywa chai, akaenda zake. Mkeka wa arusi aliokuwa akiusuka ulichelewa mwezi mzima kwa michezo ya kifuu, na mwenye arusi alipokuja juu, Bi Somoe alimjibu kwa neno aliloliazima kwa jirani, bila kumficha mwenyewe:

"Asiyecheza na mtoto asidai salamu yake."