Nguchiro Aliyeuza Ushindi

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ndizo sauti za watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale Nguchiro alikuwa na uwanja wa rede. Aliufagia mwenyewe. Mpira aliusokota mwenyewe kwa majani ya mgomba. Rede mnaijua. Wawili wanarusha mpira, huku na huku. Mmoja yuko katikati, anajaza mchanga kwenye kibuyu na kukwepa, anajaza na kukwepa. Kibuyu kikijaa, ameshinda. Mpira ukimpata, pu, ametoka.

Kiingilio kilikuwa konzi moja ya karanga. Digidigi alilipa konzi. Kanga alilipa konzi. Kima alilipa konzi. Ngiri, mwenye shamba zima la karanga, naye alilipa konzi. Nguchiro alikula, ila hakushiba. Alikuwa na watoto sita, na watoto wa nguchiro hawajui kusema basi.

Siku moja Ngiri alipigwa mara tano. Pu! Pu! Hasira zikampanda. Akamvuta Nguchiro pembeni.

"Niuzie kibuyu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama yai."

"Hiyo si rede tena, Bwana Ngiri."

"Nakupa kapu zima."

Nguchiro akawakumbuka watoto. Akauza.

Kesho yake Ngiri akaingia na kibuyu chake. Shwaa, kimejaa. Ameshinda. Digidigi akakwepa mpaka ulimi nje, kibuyu chake hakijafika nusu. Keshokutwa yake Ngiri akanunua ruhusa ya kupigwa mara tatu ndipo atoke. Kapu la pili. Nguchiro akauza. Mimi simlaumu baba kwa kulisha wanawe. Namlaumu kwa kufumba macho.

Kanga akaacha kuja. Kima akaacha. Digidigi akavumilia siku nne, naye akaacha. Siku ya tano Ngiri akafika na kibuyu chake. Uwanja mtupu.

"Nicheze na nani?"

"Cheza na mimi," akasema Nguchiro.

"Wewe nimeshakulipa. Kukushinda wewe kuna raha gani?"

Akabeba karanga zake, akaenda zake. Siku hiyo watoto sita walilia njaa.

Nguchiro akaenda kwa Digidigi.

"Rudi, ndugu yangu. Utaingia bure."

"Bure yako siitaki. Ngiri alikuwa ananunua nini kwako?"

"Kibuyu."

"Alikuwa ananunua kunishinda mimi. Ulikuwa unaniuza mimi, Nguchiro, na konzi ya kiingilio nikakulipa."

Nguchiro alishikwa na aibu. Akarudi, akatangaza: kibuyu ni cha kipimo kimoja kwa wote. Mwenye karanga nyingi aje anunue shada la maua, au udongo mwekundu wa kujipaka, au njuga za miguuni. Pambo lipo. Ushindi hauuzwi.

Wanyama wakarudi mmoja mmoja. Ngiri naye akarudi, maana angekaa nyumbani na nani? Akanunua shada, akanunua udongo, akanunua njuga nne. Akaingia anang'aa, chwi-chwi, chwi-chwi. Pu! Ametoka. Uwanja mzima ukacheka, na Ngiri mwenyewe akacheka. Kesho yake akaja kununua shada jipya. Watoto sita wakala.

Basi wenye michezo, nanyi wenye michezo ya kwenye simu, sikieni. Mwuzie mchezaji pambo, usimwuzie ushindi. Ukiuza ushindi umemuuza mwenzake asiye na kitu, na huyo akiondoka, huna mchezo wa kuuza.

Hadithi yangu imeishia hapo, anayetaka ndefu atunge yake.