Ngiri Aliyepakiwa na Maboga

Paukwa!

Pakawa!

Itikio gani hilo la usingizi? Hadithi ya leo ina pembe, inachoma. Wadogo, sogeeni. Wakubwa, msijifanye mnapita tu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mto mpana. Mto wenye mamba, mto wenye mkondo, mto usio na daraja. Aliyetaka kuvuka alivushwa na Kiboko, mgongoni. Na pale kivukoni alikaa Nyani, karani wa kivuko. Kazi yake ilikuwa kutazama tope. Kila mnyama alikanyaga tope laini mbele yake, naye Nyani akahesabu nyayo. Nyayo nne: "Abiria, panda!" Nyayo pungufu: "Mzigo, kaa kando!" Abiria walivuka kwanza. Mizigo ilivuka mwisho.

Basi ng'ambo hii aliishi Bi Ngiri. Zamani mti ulimwangukia kiunoni, puu! Miguu ya nyuma ikafa. Akalia. Akafuta machozi. Akafikiri. Akatafuta gome la mti lililojikunja kama hori. Akalisugua kwa mchanga mpaka likateleza, akatandika nyasi laini ndani, akalifunga kiunoni kwa kamba za ukindu. Miguu ya mbele ikavuta, gome likafuata. Kwaruu, kwaruu, kwaruu! Alikwenda kisimani. Alikwenda malishoni. Alikwenda ngomani, na ngomani alikuwa wa mwisho kuondoka.

Siku moja Kwezi akatua mlangoni, mbio mbio. "Bi Ngiri! Binti yako wa ng'ambo amejifungua! Wanne! Kesho wanatolewa nje!"

Sasa sikilizeni. Kwa akina ngiri, mtoto hatoki shimoni mpaka bibi mzaa mama ampake tope usoni. Hupakwa kabla jua halijafika utosini. Bibi asipofika, shangazi hupaka. Na hupakwa mara moja tu, maisha yote.

Bi Ngiri akatoka kabla hakujapambazuka, yeye na jirani yake Nguchiro. Kwaruu, kwaruu, kwaruu! Wakafika kivukoni kabla ya wote.

Nyani akamtazama Nguchiro. "Huyu anakwenda wapi?"

"Kaka, waniuliza mimi?" akasema Nguchiro. "Muulize mwenyewe. Mdomo anao, na meno yake yanakushinda."

"Ana nani wa kumshika? Amekula?"

"Niko huku chini, mwanangu," akasema Bi Ngiri. "Teremsha macho. Nakwenda kwa binti yangu, na nina haraka."

Nyani akatazama tope. "Nyayo mbili na mchirizi. Mzigo. Kaa kando."

"Mzigo! Mzigo unaongea?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Na Korongo je? Si huyo anapanda na miguu miwili?"

"Miguu miwili, mbawa mbili. Jumla nne."

Mara akaja Chatu. Sssss. Hana mguu hata mmoja. Nyani akainama mpaka pua ikagusa tope. "Shikamoo, mzee! Pita, mzee, pita, usichelewe."

Swala akanong'ona, "Maskini, Mungu amsaidie," akapanda. Pundamilia akasema, "Angebaki nyumbani tu. Kwani kuna ulazima?"

"Wewe una ulazima gani?" akauliza Bi Ngiri.

"Mimi nakwenda kutembea tu."

"Wewe utembee, mimi nibaki!"

Nguchiro akaitwa apande, akakataa. "Tumekuja wawili," akasema, akaketi topeni. Bi Ngiri akaimba:

Si furushi, si gunia,
Mimi nami nina njia;
Mbona joka lapitia?
Mwana ananililia!

Kiboko akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Jua likapanda. Bi Ngiri akaimba tena, mto ukasikia, Kiboko akasikia, kila mtu akasikia. Nani aligeuka? Hakuna!

Mwisho ikaja zamu ya mizigo. Nyani akaja na ndugu zake wawili, wakaanza kufungua kamba kiunoni mwake bila hata kuuliza.

"Msiguse! Hiyo ni miguu yangu!"

"Hili ni gome, mama. Magome yamejaa porini."

Wakalitupa gome chini kabisa, mgongoni mwa Kiboko. Juu yake wakarusha maboga. Pu! Pu! Pu! Kisha wakamshika Bi Ngiri masikio na mkia, wakamweka juu ya maboga. Nguchiro akapanda pembeni, macho mekundu. Katikati ya mto kukasikika: kraaa!

Walipofika ng'ambo na kupakua, gome lilikuwa vipande viwili.

"Pole, mama," akasema Nyani. "Ndiyo mambo ya safari. Tutakuburuza mpaka juu, huko utajua mwenyewe."

Njia ya kupandia ukingo ilikuwa moja tu, nyembamba, katikati ya majabali mawili. Bi Ngiri akajivuta kwa miguu ya mbele, taratibu, mpaka katikati ya njia. Akalala. Wa kupanda, abiria waliokuwa bado pale ukingoni, hawakupanda. Wa kushuka hawakushuka.

"Sogea, mama!"

"Nani, mimi? Mzigo husogea?"

"Tuna haraka!"

"Mzigo haujui haraka."

Nyuma wakasukumana, mbele wakasukumana. Kiboko akavuma kutoka majini, "Unataka nini, Bi Ngiri?"

"Nataka gome jingine, kwa kipimo changu, si kwa kipimo cha karani wako. Na hiyo sheria ya nyayo aifute yeye mwenyewe, mbele ya hawa hawa waliojifanya hawasikii."

Nyani akakimbia porini. Akaleta gome: pana. Akarudi, akaleta jingine: jembamba. Akaleta la tatu: likaenea. "Sugua," akasema Bi Ngiri. Akasugua kwa mchanga, akasugua, akasugua, mpaka manyoya ya viganja yakaisha, na hayajaota hadi leo. Kisha Kiboko akamvusha Nyani hadi kule kwenye tope lake, na wote wakamwona akizifuta nyayo. Tangu siku ile, abiria ni yeyote asemaye, "Nasafiri."

Kwaruu, kwaruu, kwaruu! Bi Ngiri akapanda. Lakini jua lilikuwa limeshapita utosi. Akakuta watoto wanne wanacheza nje ya shimo, tope limekauka usoni. Tope la shangazi.

"Mama," akasema binti, "mimi nilikungoja. Jua halikungoja."

Bi Ngiri akawaramba wajukuu zake, mmoja mmoja. Jioni Kiboko akatuma maboga ya kuomba radhi. Maboga yakaliwa. Asubuhi ile haikurudi.

Funzo ni hili, wadogo kwa wakubwa: anayekwenda kwa gome ni msafiri sawa na anayekwenda kwa kwato. Hana haja na huruma yenu, ana haja na njia. Muulizeni yeye, si jirani yake. Kinachombeba ni mwili wake, msikishike bila ruhusa. Na njia itengenezeni kabla hajafika, si baada ya kumvunjia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Hasira yangu, bado.