Nyani Aliyekula Mwezi

Paukwa!

Pakawa!

Juu kuna nini?

Kuna mwezi!

Chini kuna nini?

Kuna tope!

Na katikati?

Kuna nyani!

Basi mshikeni huyo nyani asianguke kabla sijafika kwake. Na wewe unayetafuna muhogo huko nyuma, tafuna polepole, nataka kusikia ninachosema.

Hapo zamani za kale, zamani hizo hata bibi yangu alizisikia tu kwa bibi yake, kulikuwa na bwawa. Upande huu wa bwawa waliishi nyani. Ng'ambo, kwenye kilima, waliishi ngiri. Bwawa lilikuwa kubwa. Nyani walikunywa, ngiri waligaagaa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake umefuata nini.

Tena walikuwa watani. Utani mnaujua. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikuchukulia jogoo wako, unamwambia karibu tena. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi, kumwiga marehemu, kuwachekesha wafiwa mpaka wanaona haya. Anaweza hata kulizuia jeneza njiani, akakaa juu yake, na lisiende popote mpaka mmempa anachotaka. Wakati ule msiba wa nyani bila ngiri ulikuwa hauzikiki, na wa ngiri bila nyani vilevile.

Ukaja ukame. Bwawa likapungua, likapungua, likapungua.

Nyani wakasema, "Ngiri wanatutibulia maji."

Ngiri wakasema, "Nyani wanaoshea matako yao kwenye maji yetu."

Maneno yakawa mengi. Ngiri wakaanza kunoa meno yao marefu kwenye mawe, krr, krr, krr. Nyani wakaanza kuchonga mikuki. Walinzi wakawekwa kila upande, na aliyevuka aliitwa msaliti. Utani ukawekwa kando.

Sasa, kati ya nyani hao alikuwepo mama mmoja, jina lake Mwanatumu. Mumewe aliitwa Chambuso. Chambuso hakuwa shujaa. Hakuwa mwoga pia. Alikuwa mtu wa maswali tu, na Mwanatumu alimpenda hivyo hivyo, ingawa kwa kuchoka.

Siku moja Jumbe Kinoo, mkuu wa nyani, aliita baraza. Akasimama, akakohoa, akasema, "Nimepata dawa ya ngiri. Tutampeleka nyani mwezini! Atakaa kule juu, awarushie mawe vichwani usiku na mchana. Wataomba amani wenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Chambuso akanyoosha mkono.

"Jumbe, huko mwezini kuna matawi ya kushika?"

"Swali zuri sana," akasema Jumbe. "Utakwenda wewe, utuletee jibu."

Mwanatumu akaushusha mkono ule haraka. "Kila siku nakwambia," alimnong'oneza mumewe, "barazani funga mdomo!"

Nyani wakakata mianzi mirefu saba, wakaifunga pamoja, wakaisimika. Wakaivuta kwa kamba mpaka ncha ikagusa ardhi. Kwenye ncha wakafunga tenga la kuku. Ndani ya tenga wakamweka Chambuso, na ndizi tatu za njiani, na kipande cha kaniki akakitundike huko juu, ngiri wajue mwezi una wenyewe.

Jua likazama. Mwezi mpevu ukachomoza nyuma ya kilima cha ngiri, mkubwa kama sinia la pilau, umekaa kabisa juu ya miti.

"Angalieni!" akasema Jumbe. "Leo umeshuka karibu. Elekezeni pale pale!"

"Jumbe," akasema Mwanatumu, "pale ni kwa ngiri."

"Pale ni mwezini, mama. Huna macho?"

Wakahesabu. Moja! Kamba ikalia nyee. Mbili! Chambuso akasema, "Ngojeni kwanza, nina swali..." Tatu! Fyuuu!

Akapaa. Akapita juu ya mianzi, akapita juu ya bwawa, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, akapotea nyuma ya miti ya ng'ambo. Halafu ikasikika: Pwaaa!

Nyani wote wakanyoosha shingo kutazama.

Hondohondo, ndege mpiga mbiu wa Jumbe, akaruka juu ya gogo, akapanua mdomo wake ule mkubwa. "Amefika! Amefika! Hiyo pwaa ni mwezi ukimpokea. Mwezi ni laini!"

Vigelegele vikapigwa. Mmoja akasema anamwona Chambuso anapunga mkono. Wa pili akasema anamwona anamenya ndizi. Wa tatu, asiyeona vizuri hata mchana, akasema amemwona akipepesa jicho. Majirani wakamletea Mwanatumu mapapai, wakamwita mke wa shujaa.

Mwanatumu hakula papai. Alikwenda kwa Jumbe.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mke wa shujaa."

"Jumbe, ile ilikuwa pwaa ya tope. Mimi nimefua nguo bwawani maisha yangu yote, pwaa ya tope naijua. Tuma watu wakamtafute."

"Mama, huu ni wakati wa vita," akasema Jumbe. "Nenda kalale."

Asubuhi sauti ikatoka ng'ambo. Alikuwa Bi Nyamizi, mkuu wa ngiri, mama mnene, mwenye sauti ya kuamsha mawe.

"Enyi nyani! Kuna mtu ameangukia kwenye dimbwi letu na tenga la kuku! Kama ni wenu, semeni! Kama si wenu, basi ni jasusi, na kesho kutwa jua likizama tunamtoboa!"

Mwanatumu akasikia. Yu hai! Akakimbia mpaka ukingoni, lakini Jumbe alikuwa ameshafika.

"Si wetu!" Jumbe akajibu kwa sauti kubwa. "Wa kwetu yuko mwezini!"

Jamani, niwaambieni ukweli, hapo mimi Jumbe huyu nilimchukia.

Mwanatumu akamshika mkono. "Jumbe, yule ni mume wangu! Watamtoboa!"

Jumbe akamvuta pembeni, akanong'ona, "Najua ni yeye. Unafikiri mimi kiziwi? Lakini nikikubali tumeanguka, ngiri watacheka. Watacheka, mama! Unajua ngiri wanavyocheka?"

Jioni ile mwezi ulichelewa kutoka. Watu wakaanza kunung'unika. Hondohondo akaruka juu ya gogo. "Msiwe na wasiwasi! Mwezi umechelewa kwa sababu Chambuso ni mzito!"

Majirani wakaja kwa Mwanatumu, safari hii bila mapapai. "Wewe mama, ulikuwa unamlisha nini mumeo?"

Jioni iliyofuata mwezi ulichelewa zaidi. Na ulipotoka, ubavu mmoja ulikuwa umelika. Hondohondo alimtazama Jumbe. Jumbe alitazama vidole vyake vya miguu. Basi Hondohondo akaruka juu ya gogo, akasema la kwanza lililomjia. "Chambuso ana afya njema! Anakula vizuri! Anakula mwezi!"

Hapo pakachafuka. Nyani wote, wakubwa kwa wadogo, wakaja kwa Mwanatumu na fimbo.

"Mwambie mumeo aache! Atatumalizia mwezi! Tutakaa gizani kwa ajili ya mlafi mmoja!"

"Tena wala hajatutupia hata kipande!"

Mwanatumu akasukumana nao mpaka kwa Jumbe kwa mara ya tatu. "Jumbe, kesho jua likizama mume wangu anakufa. Sema neno moja tu."

"Ukinitajia tena jambo hili," akasema Jumbe, "nitakuita msaliti mbele ya watu."

Mwanatumu akaenda kuketi nyumbani kwake. Alilia, akafuta machozi, akalia tena. Kuvuka hawezi, walinzi wapo. Kusema hawezi, ataitwa msaliti. Akafikiri mpaka kulipopambazuka. Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga kiunoni, akatoka uwanjani, akaweka mikono kichwani, akapiga ukunga.

"Uwiii! Chambuso wangu! Uwiii! Nimefiwa!"

Jumbe akaja mbio. "Kelele gani hizi? Mumeo ni mzima, yuko mwezini!"

"Je, atarudi?" akauliza Mwanatumu.

Jumbe akajikuna. "Kurudi... hilo hatukulipanga."

"Basi asiyerudi ni marehemu, na mimi ni mjane, na leo ni matanga. Au Jumbe unakataza watu kulia?"

Jumbe akarudi nyuma hatua moja. Kumkataza mfiwa kulia, hilo lilikuwa halijafanywa na jumbe yeyote. Wanawake wengine wakasikia ukunga, wakasahau fimbo zao, wakaweka mikono kichwani wakalia naye. Kilio kikavuka bwawa, na jina la Chambuso ndani yake.

Ng'ambo, krr, krr, krr ya meno ikanyamaza.

Jua lilipokuwa limeelemea magharibi, walinzi wakapiga kelele, "Ngiri wanakuja!" Nyani wakashika mikuki. Lakini ngiri walikuja mstari mmoja, mikia imesimama wima, na mbele yao Bi Nyamizi analia kilio cha uongo, kikubwa kuliko cha mfiwa mwenyewe.

"Tupisheni!" akasema. "Vita ni vita, msiba ni msiba. Tumesikia mtani kafiwa. Mlitaka nani awazikie, nyinyi msiojua hata kuchimba shimo?"

Mikuki ikashuka. Nani angemchoma mtani aliyekuja kuzika?

Nyuma ngiri wanne walibeba tenga la kuku lililovunjika, limefunikwa majani. Wakalitua uwanjani. Ngiri mmoja akapanda kichuguu, akajifunga kipande cha kaniki kichwani, akasema kwa sauti ya Chambuso mwenyewe, "Ngojeni kwanza, nina swali!" Kisha akaruka, akajibwaga chini. Pwaaa!

Nyani mmoja akaguna. Wa pili akauma mkono wake asicheke. Wa tatu akashindwa, akapasuka, na ikawa basi, uwanja mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Jumbe na Mwanatumu. Mwanatumu alikuwa analitazama tenga. Lilikuwa linatikisika.

Akataka kulikimbilia. Bi Nyamizi akaketi juu yake, nyee! "Taratibu, shemeji. Mila ni mila. Jeneza nimelizuia. Silitoi mpaka nipewe changu."

"Unataka nini?" akauliza Jumbe. "Jogoo? Mahindi?"

"Nataka neno. Huyu marehemu mlimtuma wapi, na ikawaje?"

Jumbe akakohoa. "Safari ilifanikiwa kwa kiasi chake."

Bi Nyamizi akajikalisha vizuri zaidi. Chini yake tenga likasema, "Ai!"

"Ukweli ni kwamba," akasema Jumbe, "mwezi ulisogea."

Bi Nyamizi akajikalisha tena. "Aaai!" likasema tenga.

"Jumbe!" Mwanatumu akapiga kelele. "Jua linazama! Unaogopa kuchekwa? Tazama, wameshacheka! Umebakiwa na nini cha kuficha?"

Jumbe akatazama huku na huku. Kweli, wote walikuwa wameshacheka, nyani na ngiri, na mbingu haikuanguka. Mabega yake yakashuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Tumeshindwa."

"Sisikii!" akasema Bi Nyamizi.

"Tumeshindwa! Tulimrusha, akaanguka, na ni wetu! Ni mtu wetu!"

Bi Nyamizi akanyanyuka. Majani yakafumuka, akatoka Chambuso, tope mpaka kwenye kope, mguu mmoja umevimba. Akamtazama mkewe. "Mama, kweli ulitaka kunizika na tenga la kuku?"

Mwanatumu akamkumbatia, akalia kilio cha kweli safari hii, na tope lote likahamia kwake. Hakujali hata kidogo.

Wakampeleka bwawani kumwosha, nyani na ngiri pamoja, kwa kuwa mgonjwa wa tope haoshwi na mtu mmoja. Hondohondo akaruka juu ya gogo. "Mwezi hauliwi! Haujawahi kuliwa! Nilisema uongo!" Ndiyo mbiu pekee aliyoipiga bila kutazama uso wa Jumbe kwanza.

Jumbe akamsogelea Chambuso polepole. "Hebu nambie. Ulipokuwa juu kabisa, mwezi uliuona karibu?"

"Ulikuwa mbali vilevile, Jumbe. Ila nilitazama chini, nikaliona bwawa letu. Dogo! Nililifunika kwa kiganja. Upande huu mikuki, upande ule meno. Nikajiuliza, hawa wanapigania kile?"

Hakuna aliyecheka. Wakaketi wote ukingoni mpaka giza likaingia, na tangu siku hiyo nyani wanakunywa asubuhi, ngiri wanagaagaa mchana, na anayechelewa anatukanwa kwa utani, hashikiwi mkuki.

Basi wanangu, ngano hii inatufundisha hivi: ukianguka, sema umeanguka, upate wa kukunyanyua. Jumbe aliyeficha aibu yake alikuwa tayari kumtoa mtu afe kwa ajili yake, na kicheko alichokiogopa ndicho kilichowaponya wote. Msimtume mwenzenu kokote msikokuwa tayari kwenda kumtafuta.

Ngano yangu ilipaa, haikufika mwezini, imetua topeni. Mwenye kuipenda akaioshe aende nayo kwake, asiyeipenda aniachie hapo hapo nigaegae nayo.