Chui na Simu ya Kupangusa

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale ile ya babu wa babu, maana simu za mkononi zilikwisha kufika mpaka porini, alikuwako Chui mmoja, tishio la bonde zima. Huyu hakuwa mtu wa kukimbiza. Alinyemelea. Nyatu, nyatu, nyatu, husikii hata jani, unashtukia tu yuko shingoni! Mume wa Kanga alichukuliwa hivyo hivyo, mchana kweupe, akiwa anaparua mchanga mlangoni kwake.

Juu ya mwamba, ndani ya ufa mwembamba, aliishi Bi Pimbi na wanawe. Mnamjua pimbi? Kanyama kadogo, mkia hakana, lakini maneno kanayo. Wanawe walipenda kuota jua asubuhi juu ya jiwe, na yule wa mwisho, Kibonge, alikuwa amenona mpaka mashavu yanatikisika. Chui akipita chini ya mwamba husimama, humtazama Kibonge, humeza mate, kisha huenda zake. Basi Bi Pimbi alikuwa halali. Alijua zamu ya Kibonge inakuja.

Siku moja akasikia, "Hodi! Hodi hapa!"

Akawasukuma wanawe ndani kabisa ya ufa, akatoa pua tu.

"Shikamoo, Mzee Chui."

"Marahaba, Bi Pimbi, marahaba! Leo sikuja kwa ubaya. Toka uone kitu!"

Chui akafungua kitambaa, kikunjo kwa kikunjo. Ndani mlikuwa na simu. Nyeusi, inang'aa, na nailoni yake ya dukani bado imebandikwa kiooni.

"Simu ya kupangusa hiyo," Chui alisema, kifua mbele. "Si hivyo viswaswadu vyenu vya kubonyeza. Nimeinunua kwa Nyani, mjini. Ona kamera zake, macho kama buibui!"

"Hongera, mzee wangu! Hebu ipanguse tuone."

Chui akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Hapo ndipo tatizo lilipo, jirani. Inanikatalia. Tangu juzi naibembeleza, iko kimya."

Akaonyesha. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Kucha, mzee! Haitaki kucha! Zifiche, uiguse kwa nyama ya kidole. Na hiyo nailoni ubandue."

"Nailoni siitoi ng'o! Nikiitoa itakuwa si mpya tena."

Lakini kucha alizificha. Akagusa polepole. Ting! Simu ikawaka, na Chui akaruka nyuma mpaka akakalia mwiba. Akarudi kwa kunyata, akaichungulia. "Lo! Na huyu kijana mtanashati ni nani?"

"Si wewe, mzee? Hiyo ni kamera."

"Hata mimi nilimhisi," alisema Chui, akajilamba masharubu, akajipiga picha hapo hapo. Akapiga nyingine. Alipiga picha mpaka jua likahama kichwani.

Bi Pimbi alikuwa anamtazama, na kadiri alivyomtazama ndivyo hofu ilivyompungua na akili ilivyomchemka. Huyu bwana, aliwaza, silaha yake ni kimya tu. Hana nyingine.

"Mzee, mlio umeuchagua?"

"Mlio gani?"

"Wa kuita. Ukipigiwa, simu italia vipi?"

"Nataka kitu kidogo. Prrr, hivi, laini."

"Mh! Prrr?" Bi Pimbi akashika mdomo. "Prrr ni mlio wa sisi wanyonge. Mkubwa akipigiwa simu, bonde zima lijue kwamba fulani anatafutwa."

Chui akavimba kichwa papo hapo. "Nipe mkubwa kuliko yote."

Akampa. Ngoma, zumari na vigelegele, sauti mpaka mwisho! Chui akaivaa simu shingoni kwa kamba, akashuka mwamba anatingisha mabega. Namba yake alimwachia Bi Pimbi kwa hiari yake mwenyewe, akasema, "Wape na wengine. Wasione haya."

Bi Pimbi hakuona haya. Jioni hiyo hiyo akaipeleka kwa Kanga, akaipeleka kwa Digidigi, akaipeleka kila kaya yenye kiswaswadu.

"Ukinusa tu harufu yake, mbipu," aliwaambia. "Usingoje apokee. Mbipu, ukate, ukimbie."

Kesho yake Chui akamwona Digidigi anakula majani. Akalala chini. Nyatu, nyatu. Akakaza misuli ya miguu, akapima, na Kanga akiwa juu ya kichuguu akabonyeza.

Dundu-dundu-PIRIRIRI! Alele-le-le-leee!

Digidigi huyoo! Hata kivuli chake kilichelewa kumfuata.

"Nani huyo ananitafuta?" Chui alisema, akaipokea mbiombio. "Haloo! Haloo?" Imekatika. Akatabasamu pamoja na njaa yake. Unatafutwa, bwana, alijiambia.

Akanyemelea kwale. Dundu-dundu-PIRIRIRI! Kwale wakaruka, parrr! Akanyemelea sungura, akanyemelea mtoto wa swala, mwishowe akanyemelea hata panya buku, yeye Chui mtu mkubwa mzima. PIRIRIRI! Siku zikaenda hivyo, na tumbo likaingia ndani. Kuwapigia wale waliombipu hakuwapigia, kwa kuwa vocha hakuwa nayo. Kuwajua hakuwajua, kwa kuwa vumbi lilikuwa limejaa chini ya ile nailoni na namba haisomeki.

Akapanda tena mwambani, mbavu nje. "Bi Pimbi! Simu hii inanifukuzia chakula. Ninyamazishie!"

Bi Pimbi akajitia hamnazo. "Kweli, mzee? Pole! Basi tuiweke itetemeke tu."

Ikawekwa itetemeke. Chui akaenda kumvizia Digidigi kichakani, simu imelala kooni. Ngrrr! Ngrrr! Ilimtekenya kidevu, ikamtekenya koo, na chui, wanangu, hawezi kutekenywa. "Hihihi! Acha! Hihihi, wee!" Akatoka kichakani anagaagaa, miguu juu. Digidigi alisimama mbali kidogo, akamtazama Chui mpaka Chui akachoka kucheka.

Siku hiyo Chui hakurudi kwa Bi Pimbi. Alikwenda pangoni, akakaa, akawaza. Na njaa inafundisha kuwaza, msidharau.

Asubuhi ikafika, jua zuri. Watoto wa pimbi wako juu ya jiwe, Kibonge katikati amelalia mgongo. Bi Pimbi alikuwa anasugua sufuria mlangoni alipopata harufu. Harufu ile! Akashika kiswaswadu, akabipu. Kimya. Akabipu tena. Kimya vile vile, ndege wanaimba tu.

"Unambipu nani, Bi Pimbi?"

Alikuwa amekwisha kufika. Amesimama kati ya watoto na ufa, kucha zote nje, na shingoni hana kitu.

"Simu nimeiacha pangoni," Chui alisema taratibu. "Nimewaza, nikajiuliza mbona hawa jamaa wananitafuta nikiwa mawindoni tu. Leo sibipiki, mama."

Kibonge akaanza kulia. Sufuria ikamtoka Bi Pimbi mkononi, kring'ing'ing'! Lakini hakupiga magoti kuomba. Alijua Chui amekwisha kuombwa na wengi. Akaketi juu ya jiwe, akashusha pumzi.

"Haya, kula, mzee. Mimi ni mwongo, nimekubipu sana, nakiri. Ila hii ya leo inaniuma."

"Ipi tena?"

"Basi tu. Hutaniamini."

"Sikuamini kweli! Ipi?"

"Simba anamwoza binti yake. Amechinja nyati, na anatafuta mgeni rasmi. Amekupigia tangu alfajiri, simu haipatikani, ndipo akanipigia mimi jirani yako aniulize kama u mzima." Bi Pimbi akatikisa kichwa. "Sasa anasema atajaribu mara moja tu. Asipokupata, anampa Fisi."

"Fisi!"

"Fisi. Nasikia ameshaazima koti."

Chui akamtazama Kibonge. Mate yakamjaa. Akatazama kule pangoni kwake. "Uongo," alisema.

"Uongo," Bi Pimbi aliitikia. "Kula. Mimi hubipu, lakini Simba habipu. Simba hupiga."

Mguu mmoja wa Chui ukasogea kwa Kibonge. Miguu mitatu ikasogea kule kwingine.

"Kwani... kwani pangoni haipatikani?"

"Pangoni, mzee? Jiwe juu, jiwe chini, mtandao utapenya wapi? Ungekuwa nayo juu ya mti mrefu, saa hii mngekuwa mnazungumza."

"Fisi mgeni rasmi!" Chui alinguruma. "Fisi akae meza kuu!" Na hapo hapo akageuka, puu, puu, puu, akateremka mwamba huku anapiga kelele, "Mwambie asikate! Mwambie niko njiani!"

Bi Pimbi aliwakumba wanawe wote wakaingia ndani ya ufa kwa mkupuo mmoja. Akamkumbatia Kibonge, akalia kidogo, kisha kicheko kikamshika mpaka akaomba maji.

Chui akaichukua simu pangoni, akaurudisha ule mlio mkubwa ili Simba asimpite, akapanda mti mrefu kuliko yote. Akakaa tawini na kungoja. Akangoja mchana kutwa. Alipoanza kufikiri kwamba amechezewa, akashusha mguu mmoja ili ateremke, ndipo simu ikalia.

Dundu-dundu-PIRI... Ikakatika.

"Ndiye! Simba huyo! Mtandao tu haujakaa sawa!" Akapanda tawi la juu zaidi, akainua simu mbinguni.

Na mpaka leo, wanangu, mkimwona chui amejilaza juu ya mti, mkia unaning'inia, msidhani anapumzika. Anatafuta mtandao. Wala Bi Pimbi hajamsahau: kila asubuhi, kabla hajawatoa wanawe kuota jua, humbipu mara moja, akakata.

Anayetaka bonde zima limtafute atabaki juu ya mti na tumbo tupu.